Wimbo wa Lazima: Kipimo Changu kwa Watunzi wa Harry Potter

Wacha niseme mapema, ndio mwenye anataka kukasirika akasirike tukiwa bado mwanzoni: swali la "nani mkali kuliko wote" kati ya watunzi wa muziki wa filamu za Harry Potter limechoka. Kila mwaka ni yale yale. Kuna chama cha John Williams, ambao kwao muziki wa maana uliisha 2004. Kuna chama cha Alexandre Desplat, wale hutokwa na machozi wakisikia ile sauti ya kike mwanzoni mwa filamu ya mwisho. Kuna chama cha Patrick Doyle, ni wachache lakini kelele yao ni ya uwanja mzima. Halafu kuna Nicholas Hooper, maskini, ambaye watu humkumbuka tu wakitafuta mtu wa kulaumiwa.

Siwezi danganya, napenda ubishi. Ubishi ndio unanilipia nyumba. Lakini huu wetu hauna kipimo. Mmoja anasema "Williams ako na tuni," mwingine anajibu "Desplat ako na hisia," na hapo hakuna aliyemjibu mwenzake. Ni kama kubishana kama chapati ni tamu kuliko mvua.

Mimi nimepata kipimo. Nilikipata kwa mtu ambaye hajawahi kusoma ukurasa hata mmoja wa Harry Potter, na ambaye mpaka leo anamwita Dumbledore "yule mzee wa ndevu". Nitawaambia. Lakini kwanza tuwekane sawa, kwa sababu nusu ya ubishi ni watu kuchanganya nani alifanya nini.

Nani alifanya nini

Filamu ni nane, kuanzia 2001 hadi 2011. Williams alitunga muziki wa tatu za kwanza: 2001, 2002 na 2004. Hata hapo, ile ya 2002 alisaidiwa. Mwaka huo alikuwa na kazi zingine kubwa mkononi, ikiwemo Star Wars na Minority Report, kwa hivyo William Ross ndiye alizichukua tuni zake, akazipanga zitoshee filamu na kuongoza okestra. Ndio maana ukisikiliza Chamber of Secrets kwa makini unaskia vipande vya filamu ya kwanza vikirudi kama wageni unaowajua.

Goblet of Fire ya 2005 ni ya Doyle, Mskoti. Order of the Phoenix ya 2007 na Half-Blood Prince ya 2009 ni za Hooper, Mwingereza. Deathly Hallows zote mbili, 2010 na 2011, ni za Desplat, Mfaransa.

Kwani mbona walibadilishwa hivyo? Watu hudhani kuna mtu alifutwa kazi. Mara nyingi mwongozaji huja na mtu wake, ni hivyo tu. Mike Newell aliongoza Goblet of Fire, na alikuwa ashafanya kazi na Doyle kwenye Donnie Brasco. David Yates alipoingia 2007 alikuja na Hooper, ambaye walikuwa wamefanya pamoja kazi za televisheni kule Uingereza. Ni vile mwalimu mkuu mpya huja shuleni na mwalimu wake wa kwaya. Nyimbo zinabadilika, wazazi wananung'unika, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka zile za zamani, isipokuwa moja au mbili.

Kipimo cha mzee

Sasa tukiongea kwaya, mzee wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, huko karibu na Kitale. Miaka yote alifundisha hesabu na kuongoza kwaya. Kama umesoma Kenya unajua mashindano ya muziki ya shule ni kitu gani: basi linaondoka alfajiri, sare zimepigwa pasi mpaka zinakata, mwalimu anagonga kile kichuma chake cha kupata sauti na kukiweka sikioni kama anasikiliza siri. Solfa nilifundishwa nyumbani kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Watoto wengine walikuwa wanaimba nyimbo. Sisi tulikuwa tunaimba do re mi za nyimbo.

Desemba iliyopita nilikuwa huko nyumbani. Mimi na mzee, siku hizi, hatuna mengi ya kuongea. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa imekwama, na kozi yenyewe ilichaguliwa na alama zangu, si mimi. Tangu hapo mazungumzo yetu yamekuwa ya mvua, bei ya mbolea, na "umekula?" Hatujakosana. Ni vile tu kila mmoja anazunguka lile jambo kama shimo barabarani.

Siku hiyo nilikuwa nahariri video kuhusu hawa watunzi wanne, spika ndogo iko mezani, kipande kinacheza, nakikata, nakirudia. Mzee alikuwa kwa kiti chake. Akauliza, "Hiyo ni kwaya ya wapi?"

Nikamweleza: filamu nane, watunzi wanne, na watu kila siku wanabishana nani bora.

Akafikiria kidogo. "Walipewa wimbo mmoja?"

Sikumwelewa, kwa hivyo akanieleza kama mwanafunzi wa darasa la nne. Kwenye mashindano kuna wimbo wa lazima. Kila kwaya ya daraja hilo inaimba huo huo, maneno yale yale, noti zile zile. Hapo jaji anaweza kukaa na kalamu yake na kusema hawa wamevuta sana, hawa wamepumua mahali pabaya, hawa wameuelewa. Lakini kwaya zikija kila moja na wimbo wake wa kujichagulia, mmoja wa harusi, mwingine wa kuvuna, mwingine wa mazishi, jaji anayesema hii imenifurahisha kuliko ile hajafanya kazi yake. "Yule wa mazishi akikufurahisha," mzee akasema, "basi ameshindwa."

Manze, nikaacha kuhariri.

Kwa sababu ndio hiyo. Williams alipewa mtoto wa miaka 11 ambaye amelala chini ya ngazi maisha yake yote, halafu anaambiwa wewe ni mchawi, njoo ule mezani ambapo chakula kinajiandaa. Desplat alipewa vijana watatu wanaolala kwa hema msituni, wanawindwa, hawaongei vizuri. Unataka Desplat aandike ya harusi? Unataka Williams wa 2001 aandike ya matanga? Hawakupewa wimbo mmoja.

Isipokuwa kuna mmoja walipewa. Mmoja tu.

Wimbo wenyewe

Unaujua. Hata kama hujawahi kuona filamu hizo unaujua. Unaitwa Hedwig's Theme, umepewa jina la bundi wa Harry, na Williams aliuandika kwanza kwa ajili ya tangazo la filamu, kabla filamu yenyewe haijakamilika. Zile sauti za kumetameta mwanzoni si kengele. Ni selesta, kifaa kinachofanana na piano ndogo, lakini ndani yake nyundo zinagonga vibao vya chuma badala ya nyaya. Tchaikovsky aliitumia kwenye The Nutcracker mwaka wa 1892, na tangu hapo watunzi wakitaka kusema "kuna uchawi hapa" huikimbilia.

Nikamchezea mzee. Akasikiliza, halafu akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Hapo. Hiyo noti imetoka wapi?"

Alidhani mashine yangu imeharibika. Nikairudisha mara ya tatu. Akachukua bahasha ya zamani, akaanza kuandika solfa nyuma yake, mapigo matatu matatu kwa sababu tuni yenyewe inaenda kama waltz, na alipofika mahali fulani kalamu ikasimama. Kuna noti pale ambayo si ya ngazi hiyo. Imeingia kutoka nje. Sikio linangoja mguu ukanyage ngazi inayofuata, na ngazi haipo.

"Huyu ni mjanja," mzee akasema. "Amekuambia ni hadithi ya watoto, halafu amekuonyesha kisu kidogo."

Nimeona video za dakika 40 kuhusu muziki wa Harry Potter ambazo hazijafikia hapo.

Kwa hivyo tukaamua kufanya kazi kama majaji. Wimbo wa lazima ni huo. Washiriki wanne. Kila mmoja amefanya nini nao?

Williams

Filamu ya kwanza, tuni iko kila mahali. Usiku, barabara ya nyumba zinazofanana, yule mzee wa ndevu anazima taa za barabarani moja baada ya nyingine, na selesta inaanza. Bundi wakianza kuleta barua, iko. Ni kama mtu anakuonyesha nyumba mpya na kila mlango unaofunguliwa unaskia jina la mwenyewe.

Lakini angalia 2004. Hii ndiyo sehemu chama cha Williams hawapendi kuskia. Kwenye Prisoner of Azkaban, tuni ya Hedwig inatokea mwanzoni, Harry akiwa amejificha chini ya shuka anajaribu kuwasha fimbo yake, na baada ya hapo Williams anaipunguza sana. Mahali pake anaweka vitu vipya. Kuna Double Trouble, ile watoto wanaimba wameshika vyura wakubwa, maneno yametoka kwa wachawi wa Macbeth ya Shakespeare, na anairudia filamu nzima kwa sura tofauti. Kuna A Window to the Past, filimbi ya mbao inayosikika Harry akiongea na Lupin darajani kuhusu wazazi wake. Kuna ngoma za Buckbeak akiruka, ambazo zinakupiga kifuani kabla fidla hazijaingia.

Kwa hivyo mtu wa kwanza kuiweka kando tuni ya John Williams ni John Williams. Mwongozaji alikuwa amebadilika, Alfonso Cuarón ndiye alikuwa ameingia, hadithi ilikuwa imekua, naye akaelewa kwamba mtoto wa miaka 13 haingii chumbani kwa muziki ule ule wa miaka 11. Wale wanaomlaumu Doyle na wenzake kwa "kuisahau" tuni wanamtetea mtu ambaye hakuomba kutetewa.

Doyle

Doyle anaanza na tuni ya Hedwig, lakini sasa ni nzito, imevaa koti. Halafu kwa sehemu kubwa ya filamu anaiacha na kufanya mambo yake. Na mambo yake ni ya jukwaani: machi, waltz za ile dansi ya Krismasi, wimbo wa shule wa kusimama wima.

Chama cha Williams husema ni kelele. Mimi nitakupa dakika mbili tu za kumtetea. Harry anarudi kutoka makaburini na mwili wa Cedric. Watu uwanjani hawajajua. Bendi ya shule inapiga machi ya ushindi, watu wanashangilia, na sisi tunaojua tumekaa pale tunaskia tarumbeta zikisherehekea maiti. Halafu mtu anapiga yowe na muziki unakufa. Ile machi ya furaha ndiyo inafanya tukio liume. Williams wa 2001 hakuwa na tukio kama hilo la kufanyia kazi.

Kwa wimbo wa lazima mzee alimpa Doyle maneno mafupi: "Ameimba kwa nguvu, lakini alikuwa anangoja wake uanze."

Hooper

Sasa Hooper. Nimechoka kumuona akipigwa mawe.

Hooper anaivunja tuni vipande. Unaskia mwanzo wake, halafu inakatika, inageukia mahali pengine. Kuna watu huita huo uvivu. Lakini Order of the Phoenix ni filamu ya kijana ambaye hakuna mtu mzima anamwamini na magazeti yanamwita mwongo. Tuni yake ikija nzima nzima na selesta safi, ingekuwa uongo.

Na kama unadhani hana tuni, mkumbuke Umbridge. Hooper alimpa muziki mtamu, wa adabu, wa hatua fupi fupi, unaotembea kama mwalimu wa zamu aliyevaa viatu vipya. Kila amri mpya inayogongwa misumari ukutani inakuja na huo utamu. Ukiwa umesoma bweni Kenya unaujua mwili wako unavyokaza ukiskia mtu wa namna hiyo akija koridoni anacheka.

Halafu wale mapacha, Fred na George. Wanaacha shule. Katikati ya mtihani, kwa ufagio, na fataki, na Hooper anawawekea gitaa la umeme. Mimi niliacha chuo kwa matatu, na begi moja na godoro lililofungwa kamba. Hakuna mtu aliniwekea gitaa. Kwa hivyo ndio, kwa Hooper niko na upendeleo, na siombi radhi.

Lakini pale alipofika juu kabisa ni 2009. Dumbledore amelala chini ya mnara. Mwalimu mmoja anainua fimbo yenye mwanga, halafu mwanafunzi, halafu wote, na ile alama mbaya angani inafutika. Hapo Hooper hakutumia tuni ya Hedwig. Aliandika kitu polepole cha nyuzi, ambacho hakipandi juu sana, hakilazimishi mtu kulia. Mzee aliposikia akaomba tusiongee mpaka kiishe. Amezika watu wengi akiwa na kwaya nyuma yake. Alisema tu, "Huyu anajua watu hupumua wapi."

Desplat

Deathly Hallows inaanza na Hermione akijifuta kwenye kumbukumbu za wazazi wake mwenyewe. Picha zake zinatoweka kwenye fremu moja baada ya nyingine. Desplat anaweka chini nyuzi zinazokimbia bila kupumzika, na juu yake tuni ndefu inayojaribu kukaa imara. Ni mpya kabisa. Hakuna Hedwig.

Tuni ya Hedwig inakuja baadaye, kidogo sana, kwenye yale mapambano ya angani. Sasa kumbuka nini kinatokea pale angani. Hedwig anauawa. Yule bundi mwenyewe. Mwenye jina la wimbo amekufa, na kuanzia hapo tuni ni ya marehemu. Mtu anaposema "Desplat aliisahau Hedwig's Theme" mimi namuuliza: wewe ungeichezaje baada ya hapo? Kama kawaida?

Badala yake, mwanzoni mwa filamu ya mwisho, tunapata ile sauti ya kike isiyo na maneno. Anayeimba ni Mai Fujisawa. Wapenzi wa anime mtafurahi kujua baba yake ni Joe Hisaishi, yule wa muziki wa Spirited Away. Sauti inaimba juu ya Snape aliyesimama peke yake kwenye kasri, na wewe mtazamaji unadhani ni huzuni ya kawaida tu. Mpaka zile kumbukumbu zake zinafunguliwa na unaelewa hiyo tuni ni ya Lily, mama yake Harry. Umeiskia kabla hujajua ni ya nani. Na chama cha "hawa wengine hawana tuni", hebu jaribuni kuivumisha sasa hivi. Mmeweza. Basi.

Hapa ndipo mzee alipotoa hukumu ambayo nimeibandika ukutani: "Huyu aliitwa matangani. Msimuulize kwa nini hakucheza."

Alama

Nikamwambia sasa Baba, toa alama. Nilikuwa na kalamu kabisa, nilitaka kuzisoma kwenye video: mwalimu mstaafu anawapa watunzi wakubwa wa dunia alama kwa mia. Hiyo ingeenda mbali.

Akakataa. Akasema alama ni za siku ya mashindano, kwa sababu lazima mtu arudi nyumbani na kombe. Ukisikiliza kwa ajili yako mwenyewe, alama hazikusaidii kitu.

Tukanyamaza kidogo. Nje kulikuwa na vyura, si vya Hogwarts, vya shamba letu.

Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Wale wenzako wa chuo wamemaliza?"

Nikamwambia wengi wamemaliza. Kweli, mwezi huo simu yangu yote ilikuwa majoho na kofia. Binamu yangu naye alikuwa mmoja wao, na shangazi alikuwa ametuma ile picha kwenye kundi la familia mara tatu, na chini ya ile ya tatu mtu akauliza mimi "naendelea aje". Mnajua hilo swali. Halina ubaya wowote, na bado linakata.

"Watu huwalinganisha," mzee akasema. Haikuwa swali.

"Huwa wanafanya hivyo, Baba."

"Hamkupewa wimbo mmoja." Akainuka, akachukua tochi yake aende kuangalia kama ng'ombe wamefungiwa. Pale mlangoni akageuka. "Lakini kijana yangu, wa lazima uko. Huo nitakusikiliza."

Hakusema ni upi, na mimi sikuuliza. Hakusema nilifanya vizuri kuacha chuo. Hakusema nirudi. Ndiyo mazungumzo marefu zaidi tumekuwa nayo juu ya hilo jambo kwa miaka miwili, na yalipitia kwa mtunzi wa Kifaransa ambaye jina lake mzee hawezi kulitamka.

Nimefikiria sana huo wa lazima. Sidhani ni cheti, ingawa najua angefurahi kukiona. Nadhani ni kile alichonipa kabla ya yote, pale mezani, do re mi kabla ya ABC: fanya kazi yako kana kwamba kuna mtu anasikiliza noti moja moja. Kwa hiyo niko tayari kuhukumiwa. Kwa joho la binamu, hapana.

Kitu cha mwisho mlichokuwa mnapuuza

Wale wa chama cha Desplat, najua mtakuja kusema mbona basi filamu ya mwisho haikuisha na muziki wake. Na ni kweli. Miaka 19 baadaye, kituo cha treni cha King's Cross, Harry sasa ni mtu mzima, anasindikiza mtoto wake. Muziki unaoskia hapo ni wa Williams. Unaitwa Leaving Hogwarts, na ni ule ule wa mwisho wa filamu ya kwanza, ya 2001, Harry akiwa na miaka 11 na treni ikimngoja imrudishe kwa watu wasiompenda.

Kuna wanaosema huo ni ushahidi kwamba watengenezaji wenyewe walikiri Williams ndiye mshindi. Mimi naona hawakuwa wanatoa kombe. Ukicheza muziki ule ule juu ya mtoto anayeondoka shuleni mwaka wa 2001, na juu ya baba anayebaki kwenye jukwaa la treni mwaka wa 2011, haujabadilika hata noti moja, lakini aliyesimama chini yake amebadilika. Na hauwezi kufanya kazi hiyo kama hao wengine watatu hawakuwepo katikati. Kama tungekuwa tumeskia tuni hizo za 2001 kila siku kwa miaka 10, hapo mwisho zingekuwa kama mlio wa simu. Doyle, Hooper na Desplat walizipumzisha. Ndio maana zilipofunguliwa tena zilikuwa na nguvu.

Kwa hivyo tukikutana kubishana, na tutakutana, hii ndiyo sheria yangu kuanzia leo. Usiniambie Williams anamshinda Desplat. Chukua tuni moja, ile ya bundi. Vaa spika za masikio, na si zile za simu zinazokata besi. Skiza mwanzo wa ile ya 2001, halafu ya 2005, halafu ya 2007, halafu yale mapambano ya angani ya 2010. Inachukua muda mfupi kuliko foleni ya Thika Road. Halafu kuja uniambie kila mmoja alipumua wapi.

Alama usilete.